Saratani ya Mapafu: Tupime Maneno Kama Tupimavyo Dawa

Mnamo Septemba 2024, wataalamu wa saratani ya mapafu kutoka pembe mbalimbali za dunia walikutana mjini San Diego, Marekani, wakaelezwa matokeo ya dawa mpya iliyoundwa nchini Uchina. Dawa hiyo, iitwayo ivonesimabu, ilijaribiwa kwa wagonjwa 398 huko huko Uchina, ikashindanishwa na Keytruda, dawa ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa nguzo ya matibabu ya maradhi hayo. Waliopewa dawa mpya walikaa kadiri ya miezi 11 kabla ya ugonjwa kuanza kukua tena, ilhali wenzao walikaa takriban miezi 6. Habari za namna hii zina tabia moja: kila zinapotoka kinywa kimoja kuingia sikio jingine hunenepa, hata zikifika sokoni na kanisani au msikitini huwa zimekwisha kugeuka kuwa tangazo kwamba dawa ya saratani ya mapafu imepatikana.

Ni wajibu wetu, sisi tulio katika kazi ya kufundisha, kusema wazi kwamba dawa hiyo haijapatikana. Kilichopatikana, hatua kwa hatua, kwa zaidi ya miaka 20 sasa, ni kundi la dawa zinazoishambulia mishipa ya damu inayoulisha uvimbe. Dawa hizi zina faida ya kweli na zina mipaka ya kweli. Mwananchi asiyeelezwa mipaka hiyo kwa lugha anayoielewa hawezi kuamua kwa haki baina ya kununua dawa na kulinda shamba la wanawe. Nashikilia kwamba jukumu la kumweleza haliwezi kuachiwa madaktari peke yao, kwa sababu sehemu kubwa ya jukumu hilo ni la lugha.

Tuanze na jina la ugonjwa wenyewe. Wagiriki wa kale waliuita kwa neno lao lenye maana ya kaa, yule mnyama wa pwani mwenye miguu mingi. Galen, tabibu mashuhuri wa karne ya 2, alieleza kwamba mishipa iliyotuna kandokando ya uvimbe ilifanana na miguu ya kaa iliyotandazwa pande zote. Waarabu waliyarithi mafundisho hayo wakauita ugonjwa kwa neno lao la kaa, nalo ndilo saratani, ambalo Kiswahili kililipokea. Hata neno kansa, lililotufikia kwa njia ya Kiingereza, chimbuko lake ni neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo. Kwa hivyo, kila tunapoutaja ugonjwa huu kwa jina lolote kati ya haya mawili, tunaitaja bila kujua ile mishipa ya damu ambayo matabibu wa kale waliiona kwa macho, na ambayo sayansi ilichukua karne nyingi kuielewa kazi yake.

Aliyefungua njia ya kuielewa ni Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa katika utumishi wa jeshi la wanamaji, yeye na mwenzake waliweka seli za saratani za panya ndani ya tezi zilizotolewa mwilini mwa wanyama na kuhifadhiwa hai maabarani. Seli hizo zilikua hadi uvimbe ukafikia ukubwa wa kama milimita moja au mbili, kisha zikasimama. Uvimbe huo huo uliporudishwa katika mwili wa panya aliye hai, uliota mishipa na kukua upesi. Folkman alifikia uamuzi kwamba uvimbe usiokuwa na mishipa yake hauwezi kupita ukubwa wa kichwa cha pini, kwa kuwa unakosa chakula na oksijeni; na kwamba ili ukue, sharti uupelekee mwili ishara ya kuotesha mishipa mipya kuuelekea. Mwaka 1971 aliichapisha rai hiyo katika jarida la matibabu la New England, akaongeza kwamba atakayeweza kuizima ishara hiyo atakuwa amepata njia mpya ya kuikabili saratani. Wenzake wengi hawakumwamini. Ilimbidi asubiri kwa miaka mingi kabla ya rai yake kukubalika.

Ilipokubalika, ilikubaliwa kwa pupa. Mnamo Mei 1998 gazeti la New York Times lilichapisha katika ukurasa wa kwanza habari za dawa mbili za maabara ya Folkman zilizokuwa zimefuta uvimbe katika panya. Siku ya kwanza soko la hisa lilipofunguliwa, bei ya hisa za kampuni iliyoshika haki za dawa hizo ilipanda zaidi ya mara tatu. Simu zilimiminika hospitalini kutoka kwa wagonjwa walioomba dawa ambayo haikuwa imejaribiwa kwa binadamu hata mmoja. Folkman mwenyewe alisisitiza kwamba aliowaponya ni panya. Dawa hizo zilipojaribiwa kwa watu huko Marekani, matumaini yale hayakutimia. Mfa maji haachi kutapatapa, na hatuwezi kumlaumu mgonjwa kwa kushika kila unyasi unaoelea mbele yake. Lawama ni ya anayemwambia kwamba unyasi ule ni mtumbwi.

Wakati huo huo, kazi nyingine isiyokuwa na kelele ilikuwa ikiendelea California. Mwaka 1989, Napoleone Ferrara na wenzake katika kampuni ya Genentech walikuwa wameitambua protini iitwayo kwa kifupi VEGF, ambayo ndiyo ishara kuu inayotolewa na uvimbe kuiamrisha mishipa iote. Mwaka 1993 walionyesha kwamba kingamwili inayoinasa protini hiyo hupunguza ukuaji wa uvimbe katika panya. Kutokana na kingamwili hiyo ilitengenezwa dawa ya bevasizumabu, inayojulikana zaidi kwa jina la kibiashara la Avastin. Marekani iliiidhinisha Februari 2004 kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa, na Oktoba 2006 ikaiidhinisha kwa aina fulani ya saratani ya mapafu.

Hapa ndipo panapostahili kutuliwa, maana ndipo kilipo kiini cha jambo. Katika jaribio lililoleta idhini hiyo ya 2006, wagonjwa 878 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lilipewa dawa mbili za kawaida za kemikali. Kundi la pili lilipewa dawa hizo hizo pamoja na Avastin. Urefu wa maisha katika kundi la kwanza ulikuwa miezi 10.3, na katika kundi la pili miezi 12.3. Tofauti ni miezi miwili. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa hai katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 44, na katika kundi la pili asilimia 51. Baada ya miaka miwili, walikuwa asilimia 15 na asilimia 23.

Je, miezi 12.3 maana yake ni nini? Wengi watadhani kwamba kila mgonjwa aliongezewa miezi miwili, kama mtu aongezewavyo mshahara. Sivyo. Hicho ni kipimo cha katikati. Mwalimu wa hisabati anaweza kukieleza hivi: chukua wagonjwa 101, uwapange mstari mmoja kuanzia aliyefariki mapema zaidi hadi aliyeishi zaidi ya wote, kisha umtazame wa 51. Urefu wa maisha ya huyo wa katikati ndio unaotajwa. Nyuma yake wako 50 walioishi pungufu, baadhi yao wiki chache tu; mbele yake wako 50 walioishi zaidi, baadhi yao miaka kadhaa. Miezi miwili ni umbali kati ya mtu wa katikati wa mstari mmoja na mtu wa katikati wa mstari wa pili. Haimwahidi mtu yeyote kitu. Wapo walionufaika sana, wapo ambao hawakunufaika hata kidogo, na wapo walioumizwa.

Ndiyo, walioumizwa. Katika jaribio hilo, asilimia 4.4 ya waliopewa Avastin walitokwa damu kwa kiwango cha kutisha, ilhali katika kundi jingine waliopatwa na hali hiyo walikuwa asilimia 0.7. Vifo 15 katika kundi la Avastin vilitokana na matibabu yenyewe, na vingine kati ya hivyo vilisababishwa na damu kufurika mapafuni. Jambo hilo halikuja ghafla. Majaribio ya awali yalikuwa yamefichua kwamba wenye saratani ya mapafu ya seli bapa, ambayo aghalabu hukaa karibu na mishipa mikubwa, walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Kwa sababu hiyo hawakuandikishwa katika jaribio kubwa, na idhini ya 2006 haikuwahusu. Maadam dawa inashambulia mishipa ya damu, si ajabu kwamba madhara yake yanaihusu mishipa hiyo: kutokwa damu, shinikizo la damu kupanda, damu kuganda, vidonda kukawia kupona.

Hata istiara tunayoitumia kuzieleza dawa hizi inahitaji kutazamwa upya. Husemwa kwamba zinaukatia uvimbe chakula mpaka ufe njaa, kama jeshi lililouzingira mji. Istiara hiyo inaeleweka kwa urahisi, ila inaficha mambo mawili. Kwanza, mji huu una njia za panya. Uvimbe ukizibiwa VEGF huweza kutumia ishara nyingine, na baadhi ya uvimbe wa mapafu hauna haja ya kuotesha mishipa mipya kwani hutambaa kando ya ile iliyopo. Tusisahau kwamba pafu limejaa mishipa ya damu. Pili, kama dawa ingekuwa ni ya kuzingira tu, ingetosha peke yake. Lakini kwa saratani nyingi Avastin peke yake haifui dafu. Manufaa yake huonekana inapoandamana na dawa nyingine. Mwaka 2001, mwanasayansi Rakesh Jain wa Boston alipendekeza maelezo yanayoelekea kinyume cha istiara ile: mishipa ya uvimbe imepindapinda na inavuja, na dawa ikitumiwa kwa kiasi chake huinyoosha kwa muda, hivyo kuziruhusu dawa nyingine zipenye na kuufikia uvimbe. Mwanafunzi aliyekariri kwamba dawa hizi zinaua uvimbe kwa njaa atashindwa kuelewa ni kwa nini daktari anazichanganya na nyingine.

Lipo pia tatizo la kuchanganya vipimo viwili ambavyo havilingani. Kuchelewesha ukuaji wa uvimbe ni jambo moja. Kurefusha maisha ni jambo la pili. La kwanza huonekana mapema katika picha za eksirei na mashine nyingine, na kwa hiyo ndilo linalotangazwa kwanza. La pili hudai subira. Mwaka 2008 Marekani iliiidhinisha Avastin kwa saratani ya matiti kwa kuwa ilichelewesha ukuaji wa ugonjwa. Majaribio zaidi yalipokosa kuonyesha kwamba wanawake hao waliishi zaidi, idhini hiyo iliondolewa Novemba 2011, licha ya vilio vya baadhi ya wagonjwa. Na ile ivonesimabu tuliyoanza nayo, ambayo kwa mpigo mmoja huzuia VEGF na kuiondolea kinga ya mwili breki iliyofungwa na saratani, imekwisha kukutana na mtihani huo. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba katika jaribio jingine, lililowahusisha wagonjwa wa Uchina na wa nchi za Magharibi, ilichelewesha ugonjwa, lakini tofauti ya urefu wa maisha haikufikia kiwango ambacho wanatakwimu hukikubali kuwa ushahidi. Miezi 11 tuliyoitaja mwanzoni ilikuwa ya kuchelewesha ugonjwa. Msomaji aliyeichukua kuwa miezi ya kuishi hakukosea peke yake. Ndivyo habari hizi zinavyosomwa kila mahali.

Baada ya kusema haya yote, itakuwa dhuluma kuzidharau dawa hizi. Miezi miwili ni midogo kwa anayeihesabu kutoka mbali, lakini kwa mzazi anayengoja kumwona mwanawe akimaliza mtihani wa kidato cha nne, ni muda wenye thamani isiyopimika. Isitoshe, sayansi hujengwa kwa tofali dogo juu ya jingine. Mwaka 2018 matokeo ya jaribio kubwa yalionyesha kwamba wagonjwa waliopewa dawa za kemikali, Avastin na dawa ya kuamsha kinga ya mwili kwa pamoja waliishi kwa kipimo cha katikati cha miezi 19.2, wakilinganishwa na miezi 14.7 ya wale waliokosa hiyo dawa ya kinga. Na Avastin hiyo hiyo, kwa vipimo vidogo vidogo vinavyodungwa jichoni, imewaokoa watu wengi na upofu unaosababishwa na mishipa kuota mahali isipotakiwa. Ndiyo maana mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu kwa matibabu ya macho. Rai ya Folkman ilikuwa na ukweli ndani yake. Kosa lilikuwa la waliotaka ukweli huo uwe muujiza.

Sasa tujiangalie sisi Wakenya. Mwaka 2006 magazeti ya Marekani yaliripoti kwamba Avastin kwa mgonjwa wa mapafu ingegharimu karibu dola 100,000 kwa mwaka. Tangu hapo dawa zinazofanana nayo zimeruhusiwa, ya kwanza ikiidhinishwa huko huko Marekani mwaka 2017, na ushindani umesaidia kupunguza bei. Lakini kwa familia ya mkulima au ya mwalimu wa shule ya msingi, matibabu ya saratani bado ni mzigo wa kuvunja mgongo. Sote tunafahamu jinsi mambo yanavyokwenda: harambee huitishwa, ng'ombe huuzwa, hati ya shamba hupelekwa benki, na pengine mgonjwa husafirishwa hadi India. Familia hiyo ina haki ya kufanya hivyo, na hakuna awezaye kuwaambia watu bei ya uhai wa mzazi wao. Hata hivyo, ina haki vilevile ya kujua inanunua nini. Kuuza shamba ili mgonjwa apone na kuuza shamba ili mgonjwa huenda akaongezewa miezi miwili ni maamuzi mawili tofauti, na mgonjwa mwenyewe, akielezwa vyema, huenda akachagua tofauti na wanavyodhani wanawe.

Kuna na hili: wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu hugunduliwa ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Katika nchi kama yetu, yenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, kikohozi kisichokoma, kukonda na makohozi yenye damu huwaelekeza watu kwenye kifua kikuu kwanza. Ni haki kukitafuta, kwani kinatibika na kupona kabisa. Lakini mgonjwa anayekunywa dawa za kifua kikuu kwa miezi bila nafuu, au ambaye vipimo vya makohozi havionyeshi vijidudu, anapaswa kuchunguzwa zaidi. Saratani iliyogunduliwa ingali ndogo huweza kukatwa na daktari wa upasuaji, na hapo kuna tumaini la kupona ambalo dawa za mishipa hazijawahi kulitoa kwa saratani ya mapafu iliyosambaa.

Kiswahili kina utajiri wa kutuwezesha kuyatenganisha haya. Tunalo neno kutibu, ambalo halina ahadi yoyote ya matokeo. Tunalo kuponya, lenye ahadi kamili. Katikati yake tunayo kutuliza, kupunguza makali, kuchelewesha, kurefusha. Mwenye kuandika kwamba dawa inaponya ilhali inachelewesha tu hana kisingizio cha uhaba wa msamiati. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Heshima hiyo itakuwa ya karatasini tu iwapo mgonjwa ataendelea kutia sahihi fomu za matibabu ambazo haelewi neno hata moja ndani yake, huku jamaa zake wakitafsiri wanachokisia.

Kwa hiyo, naomba walimu wa Kiswahili na wa sayansi wakae pamoja. Mwalimu wa Kiswahili achukue habari moja ya dawa mpya kutoka gazetini, awaulize wanafunzi maswali haya: Dawa ilijaribiwa kwa panya au kwa watu? Walikuwa watu wangapi, na ililinganishwa na nini? Kilichopimwa ni ukuaji wa uvimbe au urefu wa maisha? Wangapi walidhurika? Mwalimu wa hisabati naye aufundishe mstari wa wagonjwa 101. Kijana atakayemaliza shule akiwa na maswali hayo kichwani atakuwa mkalimani wa familia yake siku ambayo daktari atawaita ofisini. Siku hiyo huwajia wengi.

Naye kijana huyo akumbushwe jambo ambalo halihitaji maabara ya Boston wala ya Uchina. Tangu mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walipochapisha uchunguzi wao kule Uingereza, imejulikana kwamba sigara ndiyo chanzo kikubwa cha saratani ya mapafu. Ugonjwa huu uliua watu wapatao milioni 1.8 duniani mwaka 2022, kuliko saratani nyingine yoyote. Kenya ilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, lakini sigara bado huuzwa mojamoja vibandani, karibu na milango ya shule. Miezi ambayo dawa ghali zaidi huweza kumwongezea mgonjwa ni michache ikilinganishwa na miaka ambayo mtu huipata kwa kutowasha sigara ya kwanza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanasayansi na waendelee kuujenga ukuta, nasi tuwashukuru kwa kila tofali. Lakini kuuziba ufa ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa kila darasa nchini, kuanzia muhula huu.